Kengele na Sauti: Historia ya Kuteua Mbwa wa Kusaka kati ya Gitega na Muyinga

Utangulizi

Historia ya wanyama wa kufugwa nchini Burundi imeandikwa kwa kumfuata ng'ombe. Kuna sababu za msingi za hali hiyo. Ng'ombe ndiye aliyebeba mikataba ya ubugabire, mahari, heshima ya watawala na hata maneno ya salamu. Mbuzi na kondoo hupata aya mbili tatu katika vitabu vya kilimo. Mbwa hupata sentensi moja, na aghalabu sentensi hiyo humtaja kama mlinzi wa boma au mbebaji wa kichaa cha mbwa. Hata hivyo, kabla nyanda za juu za kati hazijalimwa kilima kwa kilima, na kabla bonde la Ruvubu halijawekewa mipaka ya hifadhi, mbwa alikuwa chombo cha kazi kilichochaguliwa kwa uangalifu, na mwenye mbwa hodari alijulikana ng'ambo ya kilima chake.

Makala hii inachunguza namna mbwa wa kusaka walivyoteuliwa katika sehemu mbili za Burundi zilizochukua njia tofauti: Gitega, iliyo katikati ya nchi, na Muyinga, iliyo kaskazini-mashariki kuelekea Tanzania. Ili sifa za uteuzi huo zionekane waziwazi, makala inaulinganisha na ufugaji wa mbwa wa rakuni nchini Marekani, ambako mashindano, madaftari ya nasaba na pointi vimeongoza uteuzi kwa zaidi ya karne moja. Ulinganisho huu haukusudii kuonyesha kwamba upande mmoja uliendelea na mwingine ulibaki nyuma. Pande zote mbili zilitatua tatizo moja: mwindaji atajuaje mbwa wake yuko wapi na anafanya nini pale asipomwona? Majibu yao yalikuwa kinyume kabisa, na kinyume hicho kina athari kwa sera za leo.

Umuhigi na mbwa wake

Katika Kirundi, guhiga ni kuwinda, umuhigi ni mwindaji, imbwa ni mbwa na inzogera ni kengele. Maneno haya manne yanatosha kueleza kazi yenyewe. Mbwa wa kienyeji wa eneo la Maziwa Makuu ni mdogo wa umbo, manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, na mara nyingi mkia uliojikunja juu ya mgongo. Anapomfuata mnyama hukaa kimya, au hutoa mlio mfupi tu. Kwa sababu hiyo, katika ukanda mpana unaoanzia misitu ya Kongo hadi nyanda za Maziwa Makuu, wawindaji walimfunga mbwa kengele ya mti shingoni. Kengele hiyo huzibwa kwa majani wakati wa kukaribia, kisha hufunguliwa mbwa anapoachiliwa. Mwindaji huisikiliza kama mtu anayesoma barua: mlio wa haraka na wa mfululizo ni mbio, mlio wa kukatikakatika ni kunusa, na kengele ikigonga mahali pamoja bila kusogea, basi mnyama amesimamishwa au amekamatwa.

Mambo matatu yanafuata kutokana na chombo hiki kidogo. Kwanza, sauti ya mbwa haikuwa na thamani ya uteuzi. Mbwa aliyebweka ovyo aliwatahadharisha pongo na swala kabla nyavu hazijatandazwa. Pili, kwa kuwa kengele ililia kwa kila hatua, mbwa asiyefanya kazi aligunduliwa mapema: kengele yake ilisikika nyuma ya wawindaji. Tatu, kusaka kulikuwa kazi ya kundi, hivyo mbwa alipaswa kufanya kazi karibu na watu na kuwaelekezea mnyama. Mbwa mwenye mbio nyingi aliyemkimbiza mnyama hadi bonde la tatu alikuwa hasara, hata kama kasi yake iliwapendeza vijana.

Simulizi za ibada zinathibitisha uzito wa mbwa katika fikra za jamii hizi. Kiranga wa Burundi, ambaye nchini Rwanda hujulikana zaidi kwa jina la Ryangombe, ni mwindaji mkuu aliyeuawa na mnyama mwenye pembe akiwa mawindoni, na mti wenye maua mekundu unaohusishwa na kifo chake bado unaheshimiwa. Katika masimulizi ya Rwanda, anaondoka kwenda kuwinda licha ya onyo la mama yake, na mbwa wake wako pamoja naye katika safari hiyo ya mwisho. Shujaa anayeongoza kundi kubwa la mizimu hakupewa jembe wala fimbo ya kuchungia. Alipewa mkuki na mbwa. Mtafiti anayeamini kwamba uwindaji ulikuwa shughuli ya pembeni, iliyoachiwa Batwa peke yao, anahitaji kueleza kwa nini Bahutu na Batutsi pia walijiunga na ibada ya mwindaji.

Kumbukumbu za maandishi zinaanza kwa kuchelewa. Misheni za Mapadre Weupe zilianzishwa Muyaga upande wa mashariki mwaka 1898 na Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. J. M. M. van der Burgt, aliyekuwa miongoni mwa wamisionari hao, alitoa kamusi kubwa ya Kifaransa na Kirundi mwanzoni mwa karne ya 20. Hans Meyer, mwanajiografia Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita Burundi mwaka 1911 na kuchapisha kitabu chake juu ya Barundi mwaka 1916. Maandishi ya aina hii yana faida, lakini yana tabia moja inayopaswa kuangaliwa: yanamweleza mbwa kwa umbo lake, si kwa kazi yake. Mgeni aliona mnyama mdogo mwenye mbavu zinazoonekana, akahitimisha kwamba hakuna aliyemfuga kwa makusudi.

Uteuzi bila daftari

Hitimisho hilo ndilo linalopaswa kupingwa. Ni kweli kwamba mbwa wa kijijini hujamiiana bila kufungiwa. Raymond na Lorna Coppinger, katika utafiti wao juu ya mbwa waliouchapisha mwaka 2001, waliwatumia mbwa wa kisiwa cha Pemba kama mfano wa mbwa anayeishi kando ya watu kwa kula mabaki, bila mtu kumchagulia mwenzi. Hoja yao ina nguvu kwa Pemba. Lakini kujamiiana huru hakumaanishi kukosekana kwa uteuzi. Kunamaanisha tu kwamba uteuzi unafanyika mahali pengine. Mwindaji asiyeweza kuamua nani atakuwa baba bado anaweza kuamua watoto wa jike gani walelewe, nani apewe chakula wakati wa njaa, nani aletwe mawindoni na nani aachwe nyumbani. Katika mazingira ambamo watoto wengi wa mbwa hufa kabla ya mwaka mmoja, kumpa mmoja wao ugali na mabaki ya nyama ni uamuzi wa ufugaji.

Ndiyo maana nasaba ya mama ndiyo iliyobebwa katika kumbukumbu. Mama anajulikana, baba ni wa kukisia. Jike aliyekamata wanyama wengi alizaliwa katika boma fulani, watoto wake waliombwa na ndugu na majirani hata kabla hawajafumbua macho, na aliyemwomba mtoto alijifunga kwa namna fulani na mwenye jike. Hakuna mizani ya nasaba iliyoandikwa hapa, lakini upo ukoo.

Magonjwa nayo yalichagua. Mabonde ya mashariki ya Burundi, hususan Moso, yalijulikana kwa mbung'o, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na vimelea vya nagana. Homa za kupe huongeza mzigo huo. Mbwa aliyefikia umri wa miaka minne akiwa bado anasaka katika mazingira hayo alikuwa amefaulu mtihani ambao hakuna hakimu wa mashindano angeweza kuutunga.

Ushahidi wa vinasaba umetoa uzito mpya kwa hoja hii. Utafiti ulioongozwa na Adam Boyko na kuchapishwa mwaka 2009 ulichunguza mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia. Ulibaini kwamba basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka, yuko pamoja na mbwa wa asili wa Afrika, ilhali aina kadhaa zinazosifiwa kuwa za Kiafrika, kama vile Rhodesian Ridgeback, zina asili ya nje kwa sehemu kubwa. Mbwa wa Uganda walionekana kuwa na mchanganyiko mdogo sana na mbwa wa Ulaya. Burundi haikuwa miongoni mwa nchi hizo tatu, lakini Uganda na Kongo ziko katika eneo lake, na mbwa hawasimami kwenye vizuizi vya forodha.

Jina basenji lenyewe linawahusu moja kwa moja watafiti wa Kiswahili. Linahusiana na neno mshenzi, ambalo wafanyabiashara wa pwani walilitumia kwa watu wa bara wasiokuwa Waislamu, na ambalo misafara iliingiza Maniema na mto Kongo katika karne ya 19. Burundi haikuingizwa katika mtandao huo kwa nguvu. Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Rumaliza katika miaka ya 1880. Neno, hata hivyo, liliizunguka nchi. Walowezi wa Kenya walimwita mbwa yeyote wa kienyeji shenzi, na wafugaji wa Ulaya wakaligeuza tusi lilelile kuwa jina la nasaba ya kifahari. Ni nadra kupata neno la Kiswahili lililopanda cheo namna hii bila mwenyewe kubadilika.

Upande wa pili: mbwa wa rakuni

Rakuni ni mnyama wa usiku wa Amerika Kaskazini anayepanda mti akifukuzwa. Mbwa anayemwinda hufanya kazi gizani, mbali na mwenyewe, na kazi yake haimaliziki kwa kukamata bali kwa kusimama chini ya mti na kubweka hadi mwindaji afike. Hapa sauti ndiyo kila kitu. Kutokana na mbwa wa Uingereza na Ufaransa waliovushwa Atlantiki, pamoja na mbwa wa familia ya Plott iliyotoka Ujerumani na kufika North Carolina katika karne ya 18, wafugaji wa milimani waliteua mbwa wenye sauti kubwa na za aina mbili: moja ya kufuata harufu, nyingine ya mtini. Mwenye mbwa huijua sauti ya mbwa wake miongoni mwa sauti nne usiku wa manane.

Mwaka 1898 Chauncey Bennett alianzisha United Kennel Club, na mbwa wa kazi wakapata daftari. Black and Tan waliandikishwa mwaka 1900, Redbone mwaka 1902, na mbwa walioitwa English mwaka 1905. Kwenye kundi hili la mwisho ndipo Treeing Walker walipotengwa mwaka 1945 na Bluetick mwaka 1946. Utengano huo haukuwa wa rangi tu. Wafugaji wa Bluetick walilalamika kwamba kundi lilikuwa likielekea kwa mbwa wa mbio, wanaofuata harufu mpya pekee, na walitaka kuhifadhi mbwa mzito anayeweza kufumbua njia iliyopoa saa kadhaa. Treeing Walker kwa upande wao wanatunza kumbukumbu ya mbwa mmoja, Tennessee Lead, aliyefika Kentucky katikati ya karne ya 19 baada ya kuibwa Tennessee, na ambaye ukoo wake haukujulikana. Nasaba inayojivunia daftari lake ina katika msingi wake mbwa wa kuokota.

Mashindano ya usiku yaliibadilisha kazi hii. Mbwa wanne huachiliwa pamoja kwa saa mbili. Mwenye mbwa hutakiwa kutamka mbele ya hakimu pindi anapoisikia sauti ya mbwa wake: wa kwanza kutoa sauti kwenye njia hupewa pointi 100, anayefuata 75, kisha 50 na 25. Wa kwanza mtini hupata 125. Rakuni akionekana mtini, pointi huongezwa. Mti ukiwa mtupu na wazi, pointi hizohizo hupunguzwa, kwa sababu mbwa amesema uongo. Rakuni mwenyewe haguswi. Kwa hiyo anayeshinda si aliyeleta nyama nyingi bali aliyesema kweli mapema.

Mfumo huu una uzuri wake. Uongo wa mbwa unahesabiwa, jambo ambalo wafugaji wa mbwa wa maonyesho hawalijui kabisa. Lakini saa ina athari zake. Mtihani wa saa mbili humpendelea mbwa wa harufu mpya, mwenye mbio na ubishi, anayekwenda mbali na kubaki peke yake mtini bila kuwategemea wenzake. Mbwa mtaratibu anayefumbua njia ya zamani anaweza kuwa bora kwa mkulima anayetaka rakuni mmoja aliyeharibu mahindi, na bado asipate cheo. Cheo huvuta wateja wa dume, wateja huongeza watoto wa dume huyohuyo, na ndani ya vizazi vichache madume machache huenea katika daftari zima. Yale wafugaji wa Bluetick waliyoyakimbia mwaka 1946 hayakutokana na ubaya wa mtu yeyote; yalitokana na kile ambacho mashindano yanaweza kukihesabu.

Mbwa wa Kimarekani wa aina hii walifika Afrika Mashariki mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1911 tajiri Paul Rainey alileta Kenya kundi la mbwa waliokuwa wakiwinda dubu huko Mississippi, wakiwa chini ya mkufunzi Er Shelley, akawatumia kuwazingira simba hadi wapanda farasi walipofika. Filamu ya safari hiyo ilionyeshwa Marekani mwaka 1912 na kupata watazamaji wengi. Kwa historia ya mbwa wa kienyeji, tukio hilo halikuacha mengi zaidi ya picha: mbwa wa sauti kwenye nyika, nyuma yao farasi na bunduki, kazi ambayo hakuna umuhigi wa Muyinga angeihitaji.

Mbwa aliyefunzwa katika fikihi na katika mitaa ya Waswahili

Kati ya kengele na pointi kuna kipimo cha tatu, nacho kinajulikana vyema na wasomaji wa Kiswahili. Qur'ani, katika sura ya Al-Maida aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii waliweka masharti ya kumtambua mbwa huyo: aende anapotumwa, asimame anapokatazwa, alishike windo kwa ajili ya mwenyewe bila kulila, na afanye hivyo mara kadhaa hadi ithibitike kwamba ni desturi yake. Mbwa ni najisi kwa madhehebu hayo, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa ulinzi ana ruhusa ya kufugwa.

Masharti hayo ni, kwa hakika, kanuni za uteuzi. Hayaulizi rangi wala nasaba. Yanapima utii, kujizuia na uthabiti, na yanamtaka mwenye mbwa awe shahidi wa mwenendo uliorudiwa. Unguja, wasasi wanaowinda kwa makundi pamoja na mbwa wameishi ndani ya mvutano huu kwa vizazi: mbwa anahitajika porini na haingii ndani ya nyumba. Gitega, ambayo Wajerumani waliifanya makao ya utawala wao mwaka 1912, ilipokea askari na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, na Muyinga, kwa njia ya Kobero inayoelekea Ngara, ina jamii ya Waislamu yenye mizizi. Mchango wao katika historia ya mbwa hautafutwi katika ufugaji mkubwa bali katika lugha: ni kupitia Kiswahili mbwa aliyefunzwa akawa kategoria ya sheria, tofauti na mbwa koko.

Gitega na Muyinga zinaachana

Sheria za ukoloni hazikuanza na mbwa, lakini ziliishia kwake. Hermann von Wissmann alitoa kanuni za uwindaji za Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1896. Baada ya Ubelgiji kuitwaa Burundi mwaka 1916, Mkataba wa London wa mwaka 1933 ulielekeza serikali za kikoloni kuzuia nyavu, mitego na mashimo, na amri ya uwindaji ya tarehe 21 Aprili 1937 iliimarisha mfumo wa leseni. Mzungu mwenye bunduki na leseni alikuwa mwindaji. Mwenyeji mwenye wavu na mbwa alikuwa jangili. Msitu wa Kibira, uliokuwa pori la kuwindia la wafalme, uliwekwa chini ya hifadhi ya misitu ya kikoloni katika miaka ya 1930.

Gitega haikuhitaji sheria hizo ili kupoteza mawindo. Kilimo kilipanda vilima vyote, vichaka vikawa mashamba ya migomba na maharage, na pongo wakatoweka pamoja navyo. Mbwa walibaki. Uteuzi wao uligeuka kimyakimya: aliyekuwa hodari kwa kunyamaza sasa alitakiwa kubweka usiku mgeni anapokaribia rugo. Kwa vizazi kadhaa vya wanadamu, ambavyo ni makumi ya vizazi vya mbwa, tabia iliyothaminiwa imekuwa kinyume cha ile ya zamani. Makumbusho ya Taifa yaliyoanzishwa Gitega mwaka 1955 yamehifadhi vyombo vya nyumbani na vya kifalme. Mbwa hawezi kuwekwa kabatini, na tabia yake hubadilika nje ya ukuta wa makumbusho bila mtu kuandika.

Muyinga ilikwenda njia nyingine. Bonde la Ruvubu lilibaki na nyati, viboko, kuro na pongo, na mwaka 1980 sheria ya Machi 3 iliweka msingi wa hifadhi za taifa. Hifadhi ya Ruvubu, yenye kilomita za mraba zipatazo 500, ilikata maeneo ya mikoa ya wakati huo ya Muyinga, Karuzi, Cankuzo na Ruyigi, na kaya zilizokuwa ndani zilihamishwa. Tangu mageuzi ya mikoa yaliyotekelezwa mwaka 2025, Muyinga imo ndani ya mkoa wa Buhumuza, lakini mpaka wa hifadhi haukusogea. Watu waliokaa kando yake walibaki na mbwa waliorithi tabia za kusaka, na mawindo yanayoonekana kwa macho ng'ambo ya mstari.

Hapa ndipo historia ya uteuzi inapogeuka suala la sera. Sifa zilizomfanya mbwa wa Muyinga athaminiwe ndizo zinazomfanya awe hatari kwa askari wa hifadhi: anakwenda kimya, hahitaji bunduki, hali nyingi, na hufanya kazi usiku au alfajiri bila kumsaliti mwenyewe. Kengele, iliyokuwa alama ya uwindaji wa hadharani na wa kundi, haina nafasi katika uwindaji wa kujificha. Inapovuliwa, jamii hupoteza njia yake ya kumpima mbwa, na wakati huohuo hifadhi hupoteza njia ya kumsikia. Katazo, basi, halikuusimamisha uteuzi. Liliuhamisha kutoka kwa mbwa wa kundi kwenda kwa mbwa wa mtu mmoja.

Chanjo, hifadhi na mbegu

Burundi, kama nchi nyingine za eneo, inakabiliwa na lengo la kimataifa la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Mkakati unaokubalika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kuua mbwa ovyo hakuleti matokeo hayo, kwa sababu waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa na nafasi zao hujazwa na watoto wasio na kinga. Kwa hifadhi kuna sababu ya ziada. Mwaka 1994 homa ya mbwa iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walihusishwa na ueneaji wa virusi hivyo. Ruvubu haina simba tena, lakini mbwa anayeingia hifadhini bila chanjo bado ni tatizo la afya kwa wanyama wala nyama wadogo waliobaki.

Upo pia upande wa mbegu, ambao washauri wa sera huusahau. Basenji waliopelekwa Uingereza katika miaka ya 1930 walikuwa wachache, na idadi yao ya mwanzo ilipunguzwa zaidi na vifo. Kufikia miaka ya 1980, wafugaji wa Marekani walikuwa wakipambana na ugonjwa wa figo wa kurithi uitwao Fanconi, baada ya kampeni dhidi ya upungufu wa damu wa kurithi kupunguza zaidi wazazi waliopo. Walirudi kaskazini mwa Kongo mwaka 1987 na 1988 kutafuta mbwa wa vijijini, na American Kennel Club ikafungua daftari lake kuwapokea mwaka 1990. Daftari lililofungwa liliokolewa na mbwa wasio na daftari. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inahusu manufaa yatokanayo na rasilimali za kijenetiki, lakini nchi haiwezi kudai haki juu ya kitu ambacho nyaraka zake zinakiita mbwa koko.

Kuhimiza mashindano ya mbwa wa kusaka kama yale ya Marekani hakutafaa Burundi. Mawindo ni machache, ardhi ni finyu, na saa ya hakimu ingeanza kuteua mbio mahali ambapo palihitajika utulivu. Kinachowezekana ni kidogo zaidi na ni cha bei nafuu. Mbwa wa kando ya Ruvubu anaweza kupewa kazi ambayo ukoo wake unaifahamu nje ya hifadhi: kuwafukuza nguruwe mwitu na nyani wanaoharibu mihogo na mahindi, akiwa amechanjwa, akiwa na kengele shingoni, na mwenyewe akijulikana kwa ofisi ya mazingira, OBPE. Kengele ingerudisha tofauti kati ya mbwa anayefanya kazi hadharani na yule anayefichwa, tofauti ambayo askari wa hifadhi anaweza kuisikia kabla hajainua bunduki.

Kampeni za chanjo ndizo pekee zinazowakusanya mbwa wa vilima vyote mahali pamoja, wakiwa na wenyewe. Daftari la chanjo huandika jinsia, umri na rangi. Safu mbili zaidi zingeongeza dakika moja kwa kila mbwa: mama yake alitoka boma gani, na mbwa huyu hufanya kazi gani. Maswali hayo mawili yanaweza kuulizwa kwa Kirundi katika vilima vya Gitega na kwa Kirundi au Kiswahili sokoni Muyinga, na mzee yeyote aliyewahi kufuata kengele bondeni atayajibu bila kufikiri mara mbili.